Tunu za Kampuni: Zinamsaidia Nini Mfanyakazi Mambo Yakiharibika?

Kampuni ikipatwa na msukosuko, tangazo lake la kwanza huwa na sentensi ileile: "Tutaendelea kuongozwa na tunu zetu." Iwe bidhaa imedhuru watu, mfumo umedukuliwa, au wafanyakazi wamepewa barua za kuachishwa, sentensi haibadiliki. Huko mitandaoni watu hucheka. Ndani ya kampuni hakuna anayecheka, ila watu wanaulizana chinichini: tunu zipi hizo, na kesho asubuhi nikifika kazini zinaniambia nifanye nini?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na halijibiwi kwa kejeli wala kwa hotuba. Zipo kampuni ambazo tunu zilifanya kazi kweli siku ya balaa. Zipo nyingine zilizokuwa na maneno mazuri zaidi kwenye karatasi na zikazama nayo.

Tuanze kwa kutenganisha maneno, maana mengi huchanganywa kwenye ukurasa mmoja wa kipeperushi. Dira ni kule kampuni inakotaka kufika. Dhamira ni kazi inayofanya kila siku ili ifike huko. Sera na taratibu ni maelekezo kwa hali zinazojulikana: malipo ya kiasi fulani yanaidhinishwa na nani, malalamiko yanajazwa kwenye fomu ipi. Tunu ni yale ambayo kampuni imeamua kutoyaacha hata yakiitia hasara. Kama jambo halijawahi kuigharimu kampuni chochote, bado hatujui kama ni tunu au ni pambo.

Mgogoro nao si kila tatizo. Mashine ikiharibika na fundi akaitwa, hilo ni tatizo tu. Mgogoro ni pale hasara kubwa inapokuwa mlangoni, muda hautoshi, na taratibu zilizoandikwa hazikuifikiria hali hiyo. Hili la tatu ndilo linaloleta tunu mezani. Utaratibu unaishia pale alipoishia kufikiri aliyeuandika. Baada ya hapo mfanyakazi yuko peke yake na akili yake, simu inaita, na bosi hapatikani.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanadhani tunu ni orodha ya mambo mazuri. Uadilifu, ubunifu, ushirikiano, ubora, kumjali mteja. Nani atapinga? Lakini siku ya mgogoro mambo mazuri hugongana. Kumjali mteja kunadai umwambie ukweli sasa hivi. Kulinda kampuni kunadai unyamaze mpaka mwanasheria asome. Orodha haikusaidii, kwa sababu kila kilichomo ni kizuri. Kinachokusaidia ni kujua kipi kinatangulia. Ni kama nyumba ikiwaka moto usiku: familia iliyokubaliana mapema kwamba mtoto mdogo anatolewa kwanza, kisha mzee, na vitu baadaye, haipotezi dakika ikibishana koridoni kuhusu televisheni. Moto hauzimwi na makubaliano hayo, lakini angalau kila mtu anajua mikono yake ibebe nini. Tunu zinazofaa kitu ni mpangilio wa namna hiyo, uliowekwa watu wakiwa wametulia.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani, na unastahili kuelezwa vizuri kwa sababu kwa kawaida husimuliwa nusu. Mwishoni mwa Septemba 1982, watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol. Mtu asiyejulikana alikuwa amevitia sumu ya sianidi vikiwa tayari madukani. Kiwanda hakikuwa na kosa. Mkasa ulikuwa wa eneo moja tu. Hata hivyo kampuni iliwaonya wananchi wasitumie dawa hiyo, kisha ikaamua kuondoa chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, bidhaa yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Tylenol ilipoteza sehemu kubwa ya soko lake ndani ya wiki chache, ikarudi ikiwa na vifungashio vinavyoonyesha kama vimefunguliwa, na katika muda wa kama mwaka mmoja ikawa imerejesha sehemu kubwa ya wateja.

Watu husimulia hapo na kufunga: "Unaona, tunu zinalipa." Nusu ya pili ndiyo yenye somo. Kampuni hiyo ilikuwa na waraka wa imani yake ulioandikwa mwaka 1943 na mwenyekiti wake, Robert Wood Johnson. Waraka huo haukuwa orodha ya sifa, ulikuwa foleni. Wa kwanza ni wanaotumia bidhaa: madaktari, wauguzi, akina mama na wengine wote wanaozitumia. Wanafuata wafanyakazi, kisha jamii, na mwisho kabisa wanahisa. Mwisho! Mtu aliyesoma foleni hiyo, hata awe karani wa ghala, angeweza kubashiri uamuzi wa mwaka 1982 kabla haujatangazwa.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika miaka ya 1970, kabla ya mkasa, James Burke, aliyekuja kuwa mkuu wa kampuni wakati wa mkasa huo, aliwakusanya mameneja na kuwauliza kama bado wanaliamini andiko lile. Kama hawaliamini, litolewe ukutani. Walibishana kwa dhati. Kwa hiyo sumu ilipotokea, watu hawakuwa wanausoma waraka kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameshaupigania wakiwa na akili zilizotulia. Ubishi ule wa siku ya kawaida ndio uliowapa wepesi siku ya balaa.

Sasa upande wa pili. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001 baada ya udanganyifu wake wa hesabu kufichuka, ilikuwa na tunu nne: mawasiliano, heshima, uadilifu na ubora. Imekuwa kama utani wa kudumu, na wengi wanaichukulia kuwa ushahidi kwamba tunu ni porojo. Mimi naona inathibitisha kitu kingine. Angalia tena maneno yale manne: hayajapangwa, hayamtaji mtu yeyote. Heshima kwa nani? Nani mbele, mwekezaji au meneja anayetaka bonasi yake? Mhasibu aliyeona namba hazikai sawa hakuwa na kitu cha kushika.

Benki ya Wells Fargo inaonyesha jambo hilo kwa ukaribu zaidi, kwa sababu pale walioumia walikuwa wafanyakazi wa ngazi ya chini. Benki ilisema sana kuhusu kumtanguliza mteja. Wakati huohuo iliwawekea wafanyakazi wa matawini malengo makali ya mauzo, na kauli iliyosambaa ilikuwa kila mteja awe na huduma nane za benki. Sasa jiweke nyuma ya kaunta. Ni saa kumi alasiri, lengo la siku halijatimia, meneja amepita mara mbili kuuliza namba. Bango linasema mteja kwanza. Mshahara unasema akaunti kwanza. Wafanyakazi walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, nyingi mno. Septemba 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ilikuwa imeshawafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika miaka kadhaa kwa sababu hizo. Kwa hiyo ukitaka kujua tunu za kampuni, anza na utaratibu wa bonasi kabla ya bango. Kinacholipwa ndicho kinachoheshimiwa, na mgogoro huzidisha tu kile kilichokuwa kikilipwa.

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba tunu ni kazi ya wakubwa: wao wataamua, sisi tutatekeleza. Inaonekana ni unyenyekevu, lakini ni hatari. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini lililipuka na kuwaka moto. Watu 167 walikufa. Majukwaa mawili ya jirani, Claymore na Tartan, yalikuwa yameunganishwa nalo kwa mabomba, na hayakusimamisha uzalishaji mara moja. Mafuta yaliendelea kusukumwa huku jirani yao akiungua. Hawakuwa watu wabaya. Kusimamisha uzalishaji kulikuwa na gharama kubwa, na haikuwa wazi kwao kwamba mtu aliyeko pale, bila ruhusa ya juu, anaweza kuamua kuibeba gharama hiyo. Hiyo ndiyo hali ambamo tunu ya "usalama kwanza" inakufa: kila mtu anaijua, hakuna aliyepewa swichi.

Ndiyo maana swali muhimu kuliko "tunu zetu ni zipi" ni "nani ana ruhusa ya kuzitumia bila kuomba". Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba kuita msaada, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati mstari wa uzalishaji husimama. Kamba ile ni tunu iliyogeuzwa kuwa kitu cha kushikika. Mfanyakazi hahitaji ujasiri wa pekee kuivuta, kwa sababu kuivuta ni sehemu ya kazi.

Mfano wa kinyume cha Piper Alpha ni hoteli ya Taj Mahal Palace ya Mumbai, iliposhambuliwa na magaidi Novemba 2008. Wafanyakazi wengi walibaki na wageni. Wa mitambo ya simu waliendelea kupiga vyumbani kuwaambia wageni wafunge milango na wakae kimya. Wa jikoni waliwapitisha watu njia za nyuma. Baadhi yao waliuawa. Hakuna kitabu cha taratibu kilichowaagiza hivyo. Walikuwa wamezoezwa kwa muda mrefu kufikiri kama watu wanaomtetea mgeni, na kupewa nafasi ya kuamua papo hapo. Hata hivyo, siupendi namna mfano huu unavyotumiwa kwenye semina za uongozi, kana kwamba kampuni ina haki ya kutegemea mfanyakazi afe kwa ajili ya mteja. Haina. Waliobaki walichagua wenyewe, na sifa ni yao. Cha kujifunza kwa mwajiri ni kidogo lakini kina uzito: watu hufanya siku ya hatari yale waliyoruhusiwa kuyafanya siku za kawaida.

Tuyalete haya chini, kwenye migogoro ambayo wengi wetu tunaweza kukutana nayo, isiyo na moto wala risasi. Fikiria mhudumu wa simu katika kampuni ya malipo. Saa mbili usiku mfumo unaanguka, na miamala imekwama katikati: pesa imetoka kwa anayetuma, haijafika kwa anayepokea. Kwenye skrini kuna maneno ya kusoma: "Tunaomba radhi, tatizo litatatuliwa hivi punde." Mhudumu ameshasikia kutoka kwa mafundi kwamba "hivi punde" inaweza kuwa kesho mchana. Mama aliye kwenye simu anamuuliza swali moja tu: nisubiri, au nitafute pesa kwingine usiku huu?

Tunu ya kampuni ni uwazi. Neno hilo peke yake halimsaidii. Akisema kila kitu, huenda anatoa uvumi wa mafundi kama taarifa rasmi. Akisoma skrini, anamdanganya mtu ambaye atafanya uamuzi kwa kutegemea uongo huo. Kampuni iliyofanya kazi yake ingekuwa imeshaugeuza uwazi kuwa matendo anayoweza kuyafanya mtu mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu katika zamu ya usiku: sema tunachokijua, sema bayana tusichokijua, usitaje muda usio na uhakika, mwambie lini atapata taarifa nyingine, na kama hali yake ni ya dharura mpandishe kwa msimamizi bila kusubiri foleni. Hapo mhudumu anaweza kumjibu: "Mama, pesa yako inaonekana kwenye mfumo, haijapotea. Sijui itafika saa ngapi, kwa hiyo usiitegemee usiku huu. Tutakutumia ujumbe saa nne, hata kama tatizo litakuwa bado." Jibu hilo halina sumaku ya matangazo, lakini mama amepata alichokihitaji, na mhudumu hatalala akijichukia.

Mwanasheria wa kampuni angeweza kuguna, na ana haki ya kuguna. Kuna mambo ambayo kweli hayasemwi mapema, kama majina ya waathirika au kisa ambacho polisi wanakichunguza. Lakini kutosema jambo na kusema uongo ni vitu viwili, na mfanyakazi anapaswa kuambiwa mpaka uko wapi kabla simu haijaita.

Kisha kuna mgogoro ambao mfanyakazi mwenyewe ndiye anayeumia: kampuni haina fedha, watu wanapunguzwa. Hapa ndipo hasira huwa kubwa, hasa kwa kampuni zilizokuwa zikisema "sisi ni familia". Familia haimfukuzi mtoto kwa sababu robo mwaka imekwenda vibaya, kwa hiyo siku barua zinapotoka, neno hilo linageuka tusi. Binafsi naona kampuni iache kabisa kulitumia. Ni ahadi isiyotekelezeka, na wote waliokuwepo chumbani wakati inatolewa walilijua hilo.

Lakini si kweli kwamba kupunguza wafanyakazi ni kusaliti tunu moja kwa moja. Mei 2020, safari zilipokuwa zimesimama kwa sababu ya korona, Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi kwa wasafiri kupitia mtandao, iliwapunguza watu wapatao 1,900, robo ya wafanyakazi wake. Mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaandikia wote akieleza sababu, namna uamuzi ulivyofikiwa, na kile ambacho kila anayeondoka angepata: kwa waliokuwa Marekani, malipo ya angalau wiki 14, bima ya afya ya mwaka mmoja, kompyuta ya kazini, pamoja na msaada wa kutafuta kazi nyingine. Machi 2022, kampuni ya meli ya P&O Ferries ya Uingereza iliwaachisha mabaharia wapatao 800 ghafla, wengi wakielezwa kwa video iliyorekodiwa kabla. Mkuu wake baadaye alikiri mbele ya wabunge kwamba walitakiwa kisheria kushauriana na vyama vya wafanyakazi na hawakufanya hivyo. Kampuni zote mbili zilisema hazikuwa na njia nyingine. Kwa aliyebaki kazini, hata hivyo, mafunzo ni tofauti kabisa: wa kwanza amejua zamu yake ikifika atatendewaje, na wa pili pia amejua.

Hilo la waliobaki husahaulika. Wanaotazama kwa makini kuliko wote wakati wa mgogoro ni wafanyakazi ambao hawajaguswa bado. Wanachokiona katika wiki zile huwa ndiyo tunu mpya ya kampuni, bila kujali kilichoandikwa.

Na tunu huchakaa. Kampuni ileile ya Tylenol, ikiwa na waraka uleule, mwaka 2009 ilijikuta na dawa ya kutuliza maumivu ya Motrin iliyokuwa na kasoro ya ubora. Watu waliokodiwa walikwenda madukani na kuinunua kimyakimya, wakijifanya wateja wa kawaida, badala ya kampuni kutangaza wazi kwamba inaiondoa. Foleni ile ya kwenye karatasi ilikuwa ileile. Huenda kilichokuwa kimekwisha ni ule ubishi wa mezani, wa watu kuulizana kama bado wanaliamini andiko lile. Ndiyo maana nina mashaka na kampuni inayojivunia kwamba tunu zake hazijaguswa kwa miaka mingi. Huenda hakuna aliyezishika.

Kwa mfanyakazi, basi, njia ya kujua kama tunu zitamfaa haiko kwenye ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Aulize mtu aliyekaa pale miaka mingi: ni lini kampuni hii ilikubali kupata hasara kwa ajili ya jambo inalosema inaliamini? Kama jibu linakuja haraka, na hadithi ina mteja wake na kiasi cha hasara ndani yake, hiyo ni dalili njema. Kisha aulize swali gumu zaidi: mtu wa mwisho kusema "hapana, hili si sawa" yuko wapi sasa? Kule Wells Fargo, mwaka 2017 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani iliiamuru benki imrudishe kazini meneja aliyekuwa amefukuzwa baada ya kuripoti udanganyifu alioushuku, na imlipe dola milioni 5.4 kwa mishahara, fidia na gharama za kisheria. Alikuwa amefukuzwa mwaka 2010, miaka sita kabla nchi nzima haijausikia mkasa wa akaunti bandia.

Na ikitokea bosi anaagiza jambo linalopingana na tunu zilizoandikwa, andiko hilo lina faida moja ya kiofisi isiyotajwa sana: linampa mfanyakazi lugha ya kupinga bila kugombana. "Tunafanya udanganyifu" ni shutuma. "Nisaidie kuelewa, hili linaendanaje na tunu yetu ya uwazi kwa mteja?" ni swali la kazi, na likiulizwa kwa barua pepe linabaki kwenye kumbukumbu, likiwa na tarehe na majina ya waliolisoma.